Ukuta wa Ani Uliopotelea Golini

Umande haujakauka majanini, na Oyiridiya Nwafor ameshazama matopeni hadi kwenye vifundo vya miguu. Anakanyaga udongo mwekundu polepole, kisigino kwanza, mikono kiunoni. Akihisi kijiwe anainama, anakitoa na kukitupa bila kuangalia kinakoangukia.

Mbele yake umesimama ukuta wa nyumba ya Ani, mungu wa ardhi, katika kijiji cha Umuanyika, si mbali na mji wa Awka, Nigeria. Leo anakandika kona ya mwisho.

"Kona ndiyo inayokuumbua," anasema. "Katikati ya ukuta hata mvivu anaweza."

Oyiridiya ana miaka sitini na mmoja. Kazi hii ya kukandika ukuta na kuuchora upya kila mwaka kwa sikukuu ya Ani, alifundishwa na mama mkwe wake alipoolewa hapa, na tangu mama huyo afariki anaifanya peke yake. Ujira wake ni viazi vikuu na jogoo. Riziki ya kila siku anaipata kwa kuuza majani machungu sokoni siku za Eke, siku ya soko inayorudi kila baada ya siku nne. Soko likichangamka hurudi na naira elfu nne.

Miezi miwili iliyopita, kazi hiyo nusura imtoke mikononi.

Mvua iliangusha ukuta wa mbele. Kwa desturi, udongo wa ukuta wa Ani ukianguka hautupwi. Hulowekwa, huchanganywa na mpya, kisha ukuta huinuliwa tena. Bila udongo ule wa zamani, huo ni ukuta kama wa jikoni tu.

Oyiridiya wakati huo alikuwa Enugu kwa binti yake aliyejifungua. Aliporudi, alikuta mahali pamefagiliwa.

"Nikauliza kifusi kiko wapi. Wakaniambia, Mama, tumekusaidia, tumeshakiondoa. Nikakaa chini palepale."

Baadhi ya wazee walisema basi, ukuta ujengwe kwa tofali za saruji, na tajiri mmoja mzaliwa wa hapo alishaahidi mifuko hamsini. Kuhani, Mzee Anaekwe, akampa Oyiridiya siku nane. "Ukiukosa udongo," alimwambia, "tusilaumiane."

Waliokibeba kifusi walikuwa vijana wa timu ya mpira. Nahodha wao, Kodili, fundi pikipiki, alijikuna kichwa kwanza.

"Mama, tulijazia golini. Palikuwa na dimbwi, kipa wetu alikuwa anaogelea."

"Golini?"

"La upande wa shule. Na tangu siku hiyo hatujafungwa."

"Kumbe Ani ndiye anayewadakia, halafu mnajisifu."

Akachukua jembe, akaenda. Bonge la kwanza halikuwa na kitu. La pili alipolivunja, aliona rangi za miaka yote zimepandana, nyeupe juu ya nyeusi, nyembamba kama maganda ya kitunguu.

"Nyingine zilikuwa za mkono wa mama mkwe wangu," anasema. "Nikacheka peke yangu kama mwehu."

Vijana walilichimbua goli lao wenyewe, vikapu kumi na tisa.

"Mechi ni Jumamosi, Mama," Kodili alilalamika. "Kipa asimame wapi?"

"Asimame mbele ya mpira."

Mzee Anaekwe alilishika bonge, akalinusa. "Ni wenyewe," akasema. "Ila unanuka viatu."

Ukuta uliinuliwa tabaka kwa tabaka, kila moja likisubiriwa siku nne likauke. Wiki iliyopita mvua ilinyesha mchana kutwa. Ilipokatika, Oyiridiya aliuzunguka ukuta akiupapasa kwa kiganja. Hakuna ufa. Saruji ya tajiri imekwenda kujenga vyoo vya shule, na hakuna anayeizungumzia tena.

"Usiku ule nililala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu nirudi," anasema.

Amejifunza jambo moja: desturi ikikaa kwenye kichwa kimoja, kichwa hicho kikisafiri inafagiliwa. Sasa anamfundisha mke wa mwanawe, Nwamaka, na mke wa Kodili. Nwamaka alikata kucha zake ndefu siku ya tatu, bila kuambiwa.

Sikukuu ya mwakani anataka wao wawili ndio wakandike na kuchora ukuta mzima.

"Mimi nitakaa pembeni na karanga zangu, niwaangalie," anasema, akilainisha kona kwa dole gumba. "Wakikosea, nitanyamaza kwanza." Anafikiri kidogo. "Kidogo tu."