Kadi Iliyotoka Riyadhi

Mwambire Kaingu alianza kuendesha lori la chumvi ndevu zikiwa bado hazijamkaa vizuri, akaliendesha hadi zikaota mvi. Alipakia Marereni, akashusha Mombasa, na safari nyingine zikamfikisha Nairobi na hata ng'ambo ya mpaka, Uganda. Barabara ile aliijua kwa mgongo wake. Kiti kilimwambia wapi lami imebonyea na wapi upepo wa ubavuni utalisukuma tela, kabla macho hayajamwambia lolote.

Kisha kisukari kikamjia. Kidonda kidogo kwenye kidole cha mguu wa kushoto, kilichoanza kwa kusuguliwa na kiatu tu, kilikataa kupona. Hospitali wakakata kidole. Baadaye wakakata wayo. Mwisho wakakata chini ya goti, na kampuni ikampa mkono wa kwaheri. Mwambire akarudi nyumbani kukaa.

Kukaa kulimshinda. Mtu aliyezoea kula leo Mtito Andei na kesho Eldoret, sasa safari yake ilikuwa kutoka kitandani hadi kibarazani, akijikokota kwa magongo. Maneno yakampungua. Mkewe, Nyevu, alimwona akikonda si kwa njaa.

Nyevu alikuwa mpishi wa Mtaliano mmoja mzee aliyeishi Malindi. Mtaliano yule alipoamua kurejea kwao kwa watoto wake, alimwachia Nyevu masufuria, godoro, na kompyuta yake pamoja na usukani wa kuchezea wenye pedali za miguu. Nyevu aliileta mizigo Marereni akiwa na nia ya kuuza asichokihitaji. Mwambire aliushika ule usukani, akauzungusha kushoto, akauzungusha kulia. Mwisho akasema, "Huu uache kwanza."

Wakamwita Amin, fundi wa kompyuta wa Malindi mjini, kijana wa watu mwenye heshima, asiyeanza kazi kabla hajaamkia kila mtu nyumbani. Amin akaifunga kompyuta, akaweka mchezo wa malori, akampanga mzee kwenye kiti.

"Mguu wa kulia unatosha, mzee wangu," alimwambia. "Klachi nimeiondoa. Gia zitajibadilisha zenyewe."

Mwambire akakanyaga mafuta. Nyevu, aliyekuwa mlangoni na upawa mkononi, alimwona mumewe akiegemea upande kila kona ilipokuja, vile vile alivyokuwa akiegemea miaka ile alipompakia kando yake kumpeleka Kilifi kwa wazazi wake. Akarudi jikoni, akajifuta uso kwa leso.

Picha za mchezo ule zilikuwa duni. Miti ilikuwa mabonge ya kijani tu, na mawingu yalikuwa kama pamba iliyolowa. Lakini lori lilikwenda taratibu, bila kushtukashtuka, na hilo ndilo Mwambire alilolitaka. Kila siku baada ya chai ya asubuhi aliwasha, akapakia mzigo, akaondoka. Maneno yakaanza kumrudia. Wakati wa chakula alimsimulia Nyevu alikopita, na Nyevu akamsikiliza kama aliyetoka safari ya kweli.

Jambo alilomficha ni macho. Yalianza kwa vidoa vyeusi, kama masizi yanayoelea. Baadaye ukungu ukatanda, kwanza jicho la kushoto, kisha la kulia. Hakumwambia mtu. Hospitali ilimchukua mguu kipande kwa kipande, na moyoni aliona kuwa akitaja macho tu, wataanza nayo vivyo hivyo. Tena kulikuwa na Everlyne, binti yao wa pekee, aliyekuwa akifanya kazi za ndani Riyadhi. Mwambire alijua Everlyne akisikia, atatia saini mkataba mwingine siku hiyo hiyo ili alipie matibabu. Akanyamaza. Mchezoni aliendesha kwa sauti ya injini na kwa ule mstari mweupe wa barabara, ambao bado aliuona ukimjia kama kamba inayovutwa polepole. Vibao vya njia hakuweza tena kuvisoma, akawa anafuata sauti ya ramani.

Everlyne alirudi mkataba ulipokwisha. Mzigo wake mkubwa aliuacha sebuleni, akafungua kwanza mfuko aliokuwa ameukumbatia tangu uwanja wa ndege. Ndani ya shela nyeusi iliyokunjwa mara nyingi mlikuwa na kadi ya kuchorea picha za kompyuta, nene kama tofali, yenye feni zake.

"Ya kijana wa nyumba ile," alisema. "Alinunua mpya. Nikamwambia baba yangu anaendesha malori kwenye kompyuta. Akacheka, akaniambia, mpelekee. Sikuitia kwenye sanduku, baba. Niliogopa wangeitupatupa."

Mwambire aliipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa nzito. Akasema ahsante, kisha akaikalisha mapajani kwa muda mrefu kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga.

Amin akaja kuifunga. Ilimbidi abadilishe kifaa cha kugawa umeme, kwa sababu kadi ile ilikula umeme kuliko kompyuta nzima ya zamani, na akakata ukingo wa kasha ili iingie. Skrini ilipowaka, Nyevu na Everlyne wakashika vinywa. Mvua ilitiririka kwenye kioo cha lori. Majani ya miti yalionekana moja moja. Mbali kulikuwa na milima yenye theluji, na jua likiizamia nyuma.

"Unaona, baba?" Everlyne aliuliza.

"Naona," alisema Mwambire.

Aliona mwanga mwingi na ukungu, na rangi zilizochanganyikana.

Barabara kuu ilikwenda vizuri. Alipoingia mji wa kwanza, penye magari mengi na watu wanaovuka, lori likashtuka. Lilikuwa kama limeshikwa na mkono kwa nyuma, likaachiwa, likashikwa tena. Mwambire alikata usukani, na picha ikamjibu alipokwisha kukata. Akagonga ukuta. Akarudi nyuma, akajaribu tena, akagonga gari lililosimama. Ule mstari mweupe, kamba yake, ulikuwa sasa unarukaruka, huku unakatika na kule unatokea.

"Ni kuzoea tu," alisema. "Nimechoka kidogo."

Kesho yake hakuwasha. Wala kesho kutwa. Alikaa kibarazani akisikiliza malori ya kweli yakipanda barabarani na chumvi, akiyajua kwa mlio lipi limepakia na lipi li tupu. Everlyne alimwuliza mamake kama baba huwa hivyo. Nyevu akamwambia ukweli kwamba hakuwa hivyo, kwamba siku zote alikuwa kwenye kiti kile hata chakula kikapoa. Jioni hiyo Mwambire alimsikia akifagia ua uliokuwa umekwisha fagiliwa, akajua mtoto ameumia.

Ni Everlyne aliyempigia Amin simu. Amin alikuja akidhani kadi ina kasoro. Aliitoa, akaifuta, akairudisha. Akapunguza ubora wa picha hadi mwisho kabisa, miti ikawa mabonge tena, akaingiza lori mjini. Likashtuka vile vile.

Amin akaketi akitazama namba pembeni mwa skrini.

"Basi kadi haina makosa," alisema. "Ingekuwa yenyewe ndiyo inayoshindwa, kuipunguzia kazi kungeisaidia. Dada Everlyne, tazama hapa. Kadi inafanya nusu ya kazi inayoiweza, nusu nyingine inakaa kungoja. Prosesa ndiyo imejaa pomoni."

"Sijui maana yake, kaka," alisema Everlyne.

"Prosesa ndiyo inayofikiri. Gari lipi lipite, nani avuke, taa iwake lini, mzee amekata usukani kiasi gani. Ikishafikiri ndiyo inaipa kadi ichore. Prosesa hii ni ya ofisi, ilikusudiwa barua na hesabu. Kadi yako inachora upesi mno, inamaliza na kuinua mkono, leta kingine, na prosesa haijawa tayari. Huko kungojana ndiko kushtuka. Barabara kuu haina mengi ya kufikiri, kwa hivyo inapita. Mjini inazidiwa."

"Mbona zamani haikuwa hivi?"

"Kadi ya zamani ilikuwa mvivu. Prosesa ilipata nafasi ya kuvuta pumzi. Wote walikwenda mwendo mmoja."

Mwambire alikuwa akisikiliza kutoka kwenye kiti chake, magongo yakiwa yameegemezwa ukutani.

"Basi irudishe ile ya zamani," alisema.

Amin akainamisha kichwa, akajishughulisha na bisibisi.

"Baba," alisema Everlyne, na sauti yake ilikuwa ya chini, "kama hukuipenda ungeniambia. Nimeibeba mapajani tangu Riyadhi. Picha nzuri vile, wewe unataka yale mabonge?"

Mwambire alifungua mdomo kumwambia kwamba anaipenda. Maneno hayo alikuwa nayo tayari, ameyatumia siku nyingi. Akaona kwamba akiyasema tena, mtoto wake atarudi ugenini akiamini kwamba baba yake aliidharau zawadi yake, na hilo lilimchoma kuliko lile alilokuwa akiliogopa.

"Si kwamba siipendi," alisema. "Everlyne, siioni."

"Huoni nini?"

"Sioni majani. Sioni hiyo milima mnayoisema. Wewe hapo ulipo sikuoni uso. Nalijua umbo lako na sauti yako. Ile mashine ya zamani ilikwenda sawasawa, na kitu kikienda sawasawa naweza kukifuata. Hii ikiruka, napotea."

Nyevu alikuwa amekuja mlangoni. "Tangu lini, Baba Everlyne?" aliuliza.

"Tangu mvua za mwaka uliopita."

Nyevu akakaa chini pale pale mlangoni, miguu ameinyoosha, kama watu wanavyokaa msibani. Hakumlaumu. Alisema tu, "Na mimi nimekuwa nikikuuliza kama umeuona mwezi." Kisha akalia, na Amin akatoka nje kwa adabu, akajifanya kutazama nyaya za umeme ukutani.

Kwenye kliniki ya macho walikompeleka, daktari aliwaambia bila kuzungusha kwamba jicho la kushoto limekwisha. La kulia lingeweza kushikiliwa kwa miale ya leza na sindano za jichoni, lisizidi kuharibika kwa haraka. Lililopotea halirudi. Everlyne aliuliza kama wangekuja mapema ingekuwaje. Daktari alimtazama mzee, akasema ni vizuri kwamba wamekuja sasa. Mwambire akashukuru moyoni kwa jibu hilo, ingawa alilielewa.

Sindano zilimtisha kuliko alivyowahi kutishwa na kisu. Everlyne alimshika mkono kila safari, na njiani walizungumza mambo ambayo simu ya Riyadhi haikuwahi kuyabeba. Alimweleza jinsi nyumba ile kubwa ilivyokuwa kimya mchana, na jinsi alivyojifunza kulia bila sauti. Mwambire hakuwa na la kumpa isipokuwa kusikiliza, akasikiliza.

Siku moja Amin alikuja bila kuitwa. Alikuwa amefungua kompyuta ya ofisi moja iliyofungwa, akakuta prosesa yenye nguvu, ya ukoo mmoja na ile ya Mtaliano, inayokaa kwenye bodi ile ile. Alipaka dawa ya kupoza joto, akaifunga, akaitoa kadi ya zamani aliyokuwa ameirudisha, akaiweka tena ile ya Riyadhi mahali pake.

"Ijaribu, mzee wangu. Kila kitu usikitarajie, lakini ijaribu."

Mwambire akaondoa lori. Akalipitisha barabara kuu, akaingia mjini penye magari mengi, mabega yakiwa yamekaza, akingoja ule mkono wa nyuma. Haukuja. Lori lilipinda pale alipokata usukani, na wakati ule ule alipoukata. Akavuta pumzi ndefu.

Everlyne alivuta kigoda, akaketi kushoto kwake, mahali pa taniboi, msaidizi wa dereva.

"Kuna kibao mbele, baba. Cha bluu. Kinasema kulia."

"Mbali au karibu?"

"Mbali bado. Kuna lori jingine mbele yako, limebeba magogo. Sasa mvua inaanza. Inatiririka kwenye kioo upande wangu."

"Nisimulie," alisema Mwambire.

Akamsimulia. Theluji, ambayo hakuna kati yao aliyewahi kuishika, alimwambia ni kama chumvi ya Marereni asubuhi, kabla haijachotwa.

Everlyne alitia saini mkataba mwingine. Mwambire alimsihi asiende, akamsihi mara nyingi, na Everlyne akasema sindano zitaendelea, baba, na ni lazima mtu aende. Siku ya kuondoka alimwinamia, Mwambire akampapasa uso wote kwa vidole, polepole, paji na mashavu na kidevu, na gari lililomngoja likawa linapiga honi.

Kile kigoda kilibaki tupu kwa majuma. Kisha asubuhi moja Nyevu, ambaye hakuwahi kuipenda mashine ile na ambaye husoma kwa taabu, alikuja akakikalia, unga ukiwa bado mikononi.

"Kuna kitu cha bluu," alisema. "Kina herufi. Nangoja nizikusanye."

"Usiharakishe. Naliweka pembeni."

Akapunguza mwendo, akalisimamisha lori kando ya barabara, injini ikinguruma. Mkewe akaanza kusoma herufi moja moja.