Maswali ya Hesabu kwenye Karatasi za Simenti

"Anko, mbona huwa humalizii?"

Maulida aliuliza hivyo akiwa darasa la nne, amesimama kwenye mchanga kule Themi, kwenye kiwanja cha tofali kando ya mto, mkononi kashika kipande cha mfuko wa simenti kilichojaa hesabu. Efraimu aliendelea kumwagia maji tofali za jana, safu ya kwanza, safu ya pili, kama vile hajasemeshwa na mtu.

Efraimu, ambaye wakubwa walimwita Baba Nalepo, alikuwa mfyatua tofali. Kwao ni Oldonyo Sambu, nyuma ya Mlima Meru, kwenye vumbi na ng'ombe. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, kila mwenye duka mjini anataka fremu mbili zaidi, na tofali za Efraimu zilikuwa zinabebwa hata hazijakauka sawasawa. Mzee Jamaldini, baba yake Maulida, naye alikuwa anaongeza vyumba nyumbani Sokon I, na ndivyo walivyofahamiana. Siku moja Efraimu alileta mzigo akamkuta Shamsudin, kaka yake Maulida, amejikunyata barazani na swali lililomtesa siku tatu. Shamsudin alikuwa anasomea uhandisi Dar es Salaam, mwaka wa kwanza, amekuja likizo. Swali lenyewe lilikuwa la tangi la umbo la koni: maji yanaingia, je, kina kinapanda kwa kasi gani? Efraimu alisoma kwa juu ya bega lake, akajifuta mikono kwenye suruali, akasema, "Hapo umesahau kitu. Maji yakipanda, na upana wake unaongezeka. Si kina peke yake."

Watu wote barazani wakamgeukia. Mfyatua tofali!

Ndipo ikajulikana kwamba alisoma chuo hichohicho, fizikia, akaachia mwaka wa tatu. Kwa nini aliacha? Hapo kila mtu alikuwa na lake. Wengine walisema vitabu vilimpanda kichwani, wengine walisema alifukuzwa kwa mgomo. Ukimuuliza mwenyewe, anakuuliza unataka tofali za inchi ngapi.

Tangu siku hiyo Shamsudin akawa haondoki Themi. Efraimu alichana mfuko mtupu wa simenti, akatoa karatasi ya katikati ambayo vumbi halijaifikia, akachukua penseli yake nene ya seremala. Alama ya integrali aliipinda polepole kama shingo ya mbuni. Kila hatua aliieleza, akarudia, akakuuliza, mpaka hata Maulida, asiyejua chochote, akaona kama anaelewa. Halafu, ukibaki mstari mmoja tu, alirudisha penseli sikioni.

"Huo wako."

Na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Shamsudin alikuwa amefeli kalkulasi na fizikia, na Septemba alitakiwa kurudia mitihani yote miwili. Akifeli tena anadisko, ndiyo imetoka, hakuna kurudi chuo. Katika ukoo wao hakuna mwingine aliyewahi kufika huko. Tena kichwa alikuwa nacho! Madrasa alihifadhi juzuu kumi kabla sauti haijawa nzito, ustadhi akamsimamisha mbele ya watu, wanawake wakapiga vigelegele. Chochote kilichoandikwa, akikisoma mara tatu kimeingia. Ndivyo alivyopita sekondari, na ndivyo alivyotaka kupita chuo.

"Kaka, wewe nipe swali zima, limekwisha," alimwambia Efraimu.

"Utalifanyia nini?"

"Nitalishika."

"Na wakilibadilisha?"

"Hawabadilishi hao. Kila mwaka wanarudia yaleyale."

"Basi wapelekee kaseti, wewe baki nyumbani."

Maulida alicheka, akapigwa jicho, akaacha. Shamsudin alikusanya makaratasi yake. "Ndiyo maana wewe unafyatua tofali," alisema.

Efraimu alichukua koleo lake, akaendelea kuchanganya mchanga.

Kesho yake mama yao, Bi Mwamvua, alienda mwenyewe. Alijitanda ushungi wake wa kutokea, akambebesha Maulida chombo cha pilau, wakafika Themi jua likiwa la utosi. Efraimu alimgeuzia ndoo akae, akaipangusa kwanza kwa mkono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Baba Nalepo, zimebaki siku tisa. Mtoto hali, halali. Naomba umalizie yale maswali."

"Mama, nikiyamalizia nitakuwa sijamsaidia."

"Wewe mpe tu yalivyo. Kushika ataweza, namjua mwanangu."

"Hiyo si njia yake, mama. Nakuambia kweli."

Bi Mwamvua alianza kulia, bila sauti, machozi yanashuka tu. Akasema, "Angekuwa mdogo wako, wa tumbo moja, ungemwacha hivi?"

Efraimu alimtazama muda mrefu, mpaka Maulida akaona haya. Kisha akanyoosha mkono. Bi Mwamvua akampa karatasi zote za Shamsudin alizokuja nazo, na yeye akapiga magoti kwenye ubao wa kufyatulia, akaanza kujaza, moja baada ya nyingine, mstari wa mwisho wa kila swali. Alipomaliza aliwarudishia, akashuka mtoni kunawa, na hakupanda tena mpaka walipoondoka. Pilau waliliacha juu ya tofali, limefunikwa.

Siku nane Shamsudin alizunguka uani akiyumba mbele na nyuma kama alivyozoea madrasa, anasoma karatasi za simenti kwa sauti. Maulida ndiye aliyekuwa anamsikiliza, anafuatisha kwa kidole. Hakukosea hata namba moja, hata nukta. Mzee Jamaldini alisimama mlangoni akisikiliza kitu asichokielewa, anatikisa kichwa kwa furaha. "Injinia huyo," alisema.

Tangi lilikuja kweli kwenye mtihani. Ila safari hii lilikuwa limegeuzwa, mdomo chini, na vipimo vilikuwa vingine. Shamsudin aliona neno tangi, mkono ukaanza kwenda wenyewe. Aliandika vyote alivyovihifadhi, mstari kwa mstari, akatoka chumba cha mtihani anatabasamu.

Alifeli tena, akarudi nyumbani na begi lake lilelile. Siku hizi anauza vipuri dukani kwa baba yake, namba za vipuri vyote ziko kichwani, hafungui kitabu. Wateja wanamsifu. Lakini mtu akimtania, "Injinia, nipatie bolti," anaenda nyuma ya duka, anakaa huko mpaka mteja aondoke. Bi Mwamvua bado anasema, "Tulifanya kila kitu."

Efraimu naye aliacha kufundisha. Wanafunzi wengine walimfuata, mmoja mpaka kutoka Moshi, akawaambia yeye anafyatua tofali tu.

Maulida alifika kidato cha tano, akachagua fizikia, kemia na hisabati. Likizo ya Desemba alikwenda Themi mikono mitupu. Mvi zilikuwa zimemjaa Efraimu kichwani, au ni simenti, hakuwa na hakika. Alimwamkia, akakaa, akamuuliza tena swali lile la utotoni.

Efraimu aliweka koleo chini.

"Nilikuwa na mdogo wangu, Sankale. Mimi nikiwa mwaka wa tatu, yeye akaingia wa kwanza. Mazoezi yake yote nilimfanyia mimi, mpaka nukta, yeye ananakili. Akapata maksi zote. Kwenye mtihani akarudisha karatasi tupu. Wakamrudisha nyumbani, akaogopa kufika, maana usharika mzima wa kanisani ulikuja kumsindikiza alipokuwa anaondoka. Akapitiliza Mererani, machimboni. Shimo likawafukia, tukamtoa siku ya nne. Mimi sikurudi chuo." Alijifuta mikono kwenye suruali. "Mama yako aliponitajia mdogo wangu, sikuweza kusema hapana tena. Nilijua, Maulida. Nilijua kabisa kitakachompata kaka yako, na bado nikamalizia."