Matangazo Mbele ya Baba Mkwe

Mama mkwe alinisubiri mlango wa jikoni akiwa na sufuria mkononi, nami nikajua ana ujumbe.

"Baba yako anasema ile kompyuta irudi chumbani kwenu," aliniambia. "Kuna wanawake humo. Hawajavaa. Mbaya fijo, mbaya sana, mwanangu."

Nilikuwa nimetoka shuleni ninakofundisha, viatu vimejaa tope la Kyimo, na sikujua macho niyapeleke wapi. Ulikuwa mwaka wa sita naishi kwa wakwe zangu, mume wangu akifanya kazi mbali, na kwa miaka yote sita baba mkwe na mimi hatukuwahi kuongea. Wala hatukuwa na ugomvi. Kwetu Wanyakyusa, mkwe wa kike na baba mkwe hukwepana kwa heshima: hamtazamani usoni, hamkai chumba kimoja, na mkihitajiana neno linapitia kwa mtu mwingine. Siku hizi wengi wamelegeza. Nyumba ile haikulegeza kitu. Nikimsikia anakohoa sebuleni natokea mlango wa jikoni, hata mvua ikinyesha, na huku kwetu mvua inanyesha.

Kompyuta ndiyo ilikuwa kitu chetu cha pamoja, mimi na yeye. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilimfungulia kurasa anazozipenda, za magazeti na za kilimo cha parachichi, nikaiacha mezani sebuleni. Jioni niliikuta imefungwa, imechajiwa, imefutwa vumbi mpaka kwenye pembe. Asante hatukuweza kupeana, lakini kwa vumbi lile lililofutwa nilijua mzee amenikubali. Sasa nilikuwa naelekea kuwa mkwe aliyemwekea baba mkwe wanawake watupu mbele ya macho. Kwa desturi yetu, aibu kubwa kuliko hiyo sijui kama ipo.

Nilimwomba mama siku tatu nitafute tatizo.

Kompyuta yenyewe ni kuukuu, ndiyo maana niliiwekea mfumo wa Linux badala ya Windows, kwa kuwa hauna makuu. Kwenye kivinjari niliweka kiprogramu kidogo cha kuzuia matangazo, yakiwemo ya picha za aina hiyo, alama yake ngao nyekundu pembeni juu. Nilipofungua jioni ile, ngao ilikuwa ya kijivu. Imezimwa. Nikaiwasha. Kesho yake jioni, kijivu tena.

Mimi ni mtu wa kushuku, sitajisafisha. Nikinunua maharage sokoni Tukuyu natia mkono mpaka chini ya debe. Basi nikajiambia kwamba ngao haijizimi yenyewe. Kuna mtu anaizima, na saa ninazokuwa shuleni anayekaa na kompyuta ni mmoja tu. Kwa nini aizime? Nikakumbuka kwamba zipo tovuti zinazokataa kufunguka mpaka uzime kizuizi, na za kubeti ndizo hodari wa hilo. Hadithi ikajiunga yenyewe kichwani. Mzee anabeti. Anazima ngao ili afunguliwe, wanawake wanaingia naye, kisha anawahi kulalamika ili ajivue lawama. Hasira zilinipanda. Miaka sita natembea kwenye mvua kwa ajili ya heshima yake.

Asubuhi ya siku ya tatu niliiwasha ngao, nikaipiga picha kwa simu ikiwa nyekundu, nikaenda shule na ushahidi wangu mfukoni. Niliporudi mzee alikuwa shambani kwenye migomba. Nikaichukua kompyuta chumbani kwangu, nikaifungua: kijivu. Nikasema kimoyomoyo, leo nimekukamata. Nikaifungua historia ya kivinjari, ile orodha ya kila ulichotafuta na saa uliyokitafuta.

Juu palikuwa na magazeti. Chini yake parachichi. Kisha, saa nne na dakika kumi asubuhi, alikuwa ameandika: namna ya kuondoa picha mbaya kwenye kompyuta. Saa nne na nusu: picha mbaya zinarudi nifanyeje. Na saa sita kasoro: kuondoa picha za aibu haraka kabla mkwe hajarudi.

Nilisoma mstari ule wa mwisho mara tatu. Kubeti hakukuwepo popote, siku zote tatu. Kwenye folda ya vitu vilivyopakuliwa nikakuta programu tisa za kusafisha kompyuta, zote za Windows, ambazo kwenye Linux hazifunguki ng'o. Alikuwa amebonyeza kila kitufe kilichomwahidi msaada. Aliamini yeye ndiye aliyewaleta wale wanawake kwa kugusa mahali pabaya, akawa anawafukuza nisije nikawakuta. Nilimwonea huruma, na nilijionea aibu.

Ndipo nikafanya jaribio ambalo lingepaswa kuwa la kwanza. Nikawasha ngao, nikafunga kivinjari, nikakifungua tena. Ikageuka kijivu mbele yangu, bila mkono wa mtu. Kulikuwa na maandishi ambayo kwa siku tatu nilikuwa nayafunga bila kuyasoma: kivinjari hiki kipya hakikubali tena kizuizi cha aina hiyo. Na kivinjari kikawa kipya lini? Jumamosi, niliposasisha mfumo mwenyewe huku nachambua kisamvu, nikibonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Kilikuwemo kivinjari kingine ambacho sikuwa nakitumia. Nikakiwekea kizuizi, nikahamishia kurasa za mzee, nikakifunga na kukifungua mara nne. Ngao ikabaki nyekundu.

Mzee aliporudi na kuketi sebuleni, nilimwambia mama jikoni: "Mwambie baba kosa ni langu. Nilisasisha vibaya Jumamosi. Yeye hajaharibu kitu, na sasa imepona."

Akaenda. Nikawasikia wakiongea Kinyakyusa kwa sauti ya chini upande wa pili wa ukuta wa mbao. Aliporudi alikuwa amekunja uso.

"Baba yako anauliza, hiyo kompyuta inakumbuka mtu alichoandika?"

Ile orodha ilikuwa bado imo kwenye kompyuta, chumbani kwangu. Nilikatazwa kumtazama mzee usoni, nami nilikuwa nimemchungulia mpaka ndani ya hofu yake.

"Hapana, mama," nikasema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. "Mtu akishaifunga, inasahau kila kitu."

Mama alinitazama. Naye si mtu wa kudanganywa kirahisi. Aliweka sufuria chini, akafuta mikono kwenye khanga, akageuka ili akalipeleke jibu.

"Ndaga," sauti ya mzee ilisema kutoka karibu kabisa na ukuta. Asante. Mama alikuwa bado hajatoka jikoni.