Waliokaa na Majoho

Natia mafuta kwenye cherehani yangu, hapa Mutsamudu, na harufu yake naijua. Ndiyo harufu ya bunduki za mamluki. Mjukuu wangu amelala mkekani anacheza mchezo wa simu: kitoto na upanga wake, kinapigana na majitu peke yake.

Ilikuwa Moroni, nilipokuwa mtoto, Ijumaa, watu wanatoka msikitini. Wazungu wenye bunduki wakamkamata baba yangu uwanjani, eti kawatukana. Kwetu husemi uwanjani mpaka uwe umefanya ndoa kuu, ile harusi ya kulisha mji mzima. Baba hakuwa na uwezo huo, basi na mvi zake zote aliitwa mtoto wa mji. Wenye haki ya kusema walikuwa wamekaa barazani na majoho yao ya nyuzi za dhahabu. Wote wakainama, wakatazama makubadhi yao!

Nikapita katikati yao, nikamng'ang'ania mzungu mkanda.

"Mwache baba yangu, mbwa we!"

Akanipiga teke nikaanguka. Wakamtia baba garini, na hakurudi tena.

Gari lilipokwisha kuondoka ndipo mkubwa mmoja akapata ulimi. Akanifokea mimi.

"We kijike, nani kakupa ruhusa ya kusema hapa?"

Wallahi, mpaka leo nikiona joho limeanikwa, natema mate.

"Koko," mjukuu ananiuliza, macho kwenye simu, "mbona shujaa ni mtoto kila mara? Wakubwa wako wapi?"

"Wapo, mume wangu. Wamekaa. Wamevaa majoho."