Ploti ya Mzee Barasa

Juzi huku Kawangware nilimwona mwanamume anayelala nje ya maduka akijiandikisha kupiga kura, nikamkumbuka Mzee Barasa wa Laini Saba, mtaa nilikokulia, aliyelala kwenye veranda ya kanisa letu. Nilikuwa mtoto alasiri ile mzee alipokwenda kujiandikisha, na foleni ilinuka jasho na omena, vile vidagaa vikavu. Karani wa uandikishaji, aliyetaka jina la mwenye nyumba za kupanga, akamuuliza mzee, "Unakaa ploti ya nani?"

Mzee hakuwa na ploti. Karani akaita, "Anayefuata!"

"Ya Mungu!" mama yangu, aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, akadakia. "Andika veranda ya kanisa. Mimi ndio jirani yake."

Watu walicheka. Mimi niliogopa kwamba mama amedanganya, kwani nilidhani jirani lazima awe na mlango. Namshukuru Mungu, baadaye nilielewa kwamba ujirani hauhitaji mlango.

Karani akaandika, kisha akasoma kwa sauti: "Barasa, veranda ya kanisa."

"Nisomee tena, kijana," mzee akamwambia. "Pole pole."