Gari Lililosukumwa Kivulini

Mume wangu ni fundi wa umeme hapa Garsen. Alinunua matatu kuukuu iliyokufa injini, akaitia mota ya umeme, akajaza sola paa zima, ndani akaweka kitanda, feni na kijifriji cha dawa. Watu walimcheka, nyumba yenye magurudumu ya nini? Ilikuwa ya baba yangu, mgonjwa wa mgongo, aliyechoka kulala kwenye hema kila Mto Tana unapofurika.

Maji yalipokuja tukamhamishia mahali pa juu. Nguzo za stima zilianguka, lakini gari lile lilimpa taa, feni na dawa baridi. Kwa kukaa, sola ilitosha. Kwa kutembea ilibidi kudunduliza, maana paa ni dogo na betri zina njaa. Unaegesha juani siku kadhaa ndipo upate mwendo wa kwenda karibu tu.

Maji yalipopungua, baba aliomba jambo moja: aone shamba lake la Hewani. Pikipiki hangeweza kuikalia. Basi tukadunduliza jua. Tulizima hata feni, nikawa nampepea kwa kipepeo cha mkono, naye jasho linamtiririka bila kunung'unika. Chaji ilipokaribia kutosha, mimi na mume wangu tulikwenda sokoni asubuhi.

Tuliporudi jioni, gari lilikuwa chini ya mkwaju. Majirani walikuwa wamelisukuma, wakawasha feni mpaka mwisho, na juu ya sola wametandika mikeka zisiungue.

"Tumemtoa mzee juani, dada," jirani mmoja aliniambia, amefurahi. "Mgonjwa hakai vile."

Betri zilikuwa tupu. Nilitaka kupiga kelele, lakini kwetu mgonjwa hulazwa kivulini, hata mtoto anajua. Nikasema ahsante, nikaenda kulia nyuma ya gari.

"Kesho basi, mwanangu," baba alisema.

Mume wangu alipowaeleza majirani, waliumia kuliko mimi. Waliahidi kumsukuma wenyewe hadi Hewani asubuhi. Alfajiri walikuja wote, wamekunja suruali. Baba alikuwa ameshafariki.

Waliondoa mikeka juu ya sola, wakasukuma hivyo hivyo kwenye tope. Jua lilipopanda, feni tuliyosahau kuizima ikaanza kuzunguka, ikawa inapepea shuka aliyofunikwa. Hakuna aliyethubutu kuizima.

Tulipofika nilifungua mlango wa upande wa shamba, nikamfunua uso.