Likizo ya Fundi Spana

Mume wangu hajui kupumzika. Nasema hivi nikiwa nimeishi naye tangu hajaota mvi hata moja, kwa hiyo mtu asiniambie namsingizia. Ni fundi bomba wa chuo, wanamwita Spana, na jina hilo limemganda hadi ndugu zake wanalitumia. Kila alipopewa likizo alisema ataichukua mwakani. Nikagomba hadi nikachoka. Na bomba la jikoni kwangu likaendelea kudondosha maji, to, to, to, maana fundi akifika nyumbani mikono yake eti imekwisha kazi.

Jambo moja tu lilinifanya nikivumilie chuo chake. Pale mtoto wa mtumishi husoma bila kulipa ada, awe wa mkuu wa chuo au wa mfagizi. Sharti ni kwamba siku mtoto anaposajiliwa, mzazi awe bado mtumishi. Mtoto akishaingia, hata mzazi akistaafu kesho yake, anasoma hadi amalize. Watoto wetu wawili wa kwanza walipita mlango huo. Akabaki wa mwisho, binti tunayemwita Kitinda, ambaye tangu mdogo anasema atakuwa muuguzi, na alikuwa ameshachaguliwa kusoma pale chuoni. Sisi hatukuwa na mlango wa pili. Bila nafasi ile angekaa nyumbani tu.

Spana alikuwa anastaafu wiki moja baada ya usajili, basi roho zetu zilikuwa zimetulia. Siku moja uongozi ukamuuliza kama mabomba ya bweni la wasichana yatakuwa tayari wanafunzi wapya wakifika. Mtu mwingine angeitikia ndiyo, mengine yajulikane mbele ya safari. Yeye akajibu hayatakuwa tayari, apewe mwezi zaidi. Wakampa. Wakausogeza usajili mbele mwezi mzima. Akarudi nyumbani anapiga mluzi, anatusimulia mezani jinsi alivyosikilizwa na wakubwa. Kitinda akaacha kula.

"Baba," akauliza polepole, "si utakuwa umeshastaafu?"

Mluzi ukakatika. Jamani, sijawahi kuona mtu mzima akinywea vile. Nilikuwa na maneno ya kumwambia, tena makali, lakini nilipomwona ameshika kichwa nikayameza yote.

Asubuhi nikamkokota hadi ofisi ya utumishi. Mama wa pale, mwembamba wa mwili na mnene wa sauti, alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza Spana mara ya mwisho alikwenda likizo lini. Spana akatazama dari. Nikamjibia mimi: hajawahi. Yule mama akacheka mpaka akavua miwani. Akatueleza kwamba chuo hakimruhusu mtu kustaafu kabla hajamaliza likizo zake, na aliye likizoni ni mtumishi kamili. Zile za zamani zimeshakufa, lakini za karibuni zinatosha kuuvuka usajili kwa siku chache. Kisha akaacha kucheka.

"Ila nisikilize, mzee. Umri wako wa kazi utakuwa umekwisha, kitakachokushikilia ni likizo tu. Ukionekana chuoni na spana mkononi, likizo imevunjika, na papo hapo umestaafu."

Nilitoka pale mwepesi. Kumbe ukaidi niliougombea miaka yote ndio umetuokoa! Sikumwambia. Angevimba kichwa, na nyumba yetu ni ndogo.

Kazi ikawa kumlinda. Likizo ilipoanza, yaliyobaki bwenini akamwachia naibu wake, mwanamume wa makamo mwenye wasiwasi wa kuzaliwa nao. Spana akawa anazunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikalificha sanduku la vifaa uvunguni mwa kitanda, upande wangu.

Usajili ulipokaribia, naibu akabisha hodi, suruali imelowa hadi magotini. Kiungo cha bomba kule bwenini kinafumuka kila akikifunga. Uongozi umesema kisipotengemaa leo, usajili unasogezwa tena.

Spana akasimama. Nami nikasimama mlangoni. Akienda, amestaafu. Asipoenda, usajili unapita likizo yake. Kitinda alikuwa ameshika kikombe cha chai, hanywi.

"Mama Kitinda," mume wangu akaniambia kwa unyonge, "nifanyeje?"

"Chuoni huendi," nikamwambia. "Lakini hapa ni kwangu, na bomba langu linavuja."

Akanitazama kidogo, kisha akaanza kucheka. Nikalitoa sanduku. Viungo vya jikoni kwetu ni vya aina ile ile ya bwenini, alivifunga mwenyewe tulipohamia. Akalifungua bomba lote mbele ya naibu, akalifunga, akalifungua tena, kisha akamwachia naibu afunge mwenyewe, akimwonyesha wapi mkono ukaze na wapi ulegeze. Jikoni pakawa bwawa. Naibu akawa anaomba radhi, shemeji hivi, shemeji vile, nikamwambia afunge bomba aache kunibembeleza. Akaondoka mbio. Jioni akapiga simu kwamba bweni ni kavu.

Siku ya usajili tulimngoja Kitinda getini, tena nje ya geti. Spana hakutaka kukanyaga ndani hata kidogo, na mikono ameificha mifukoni asije akasingiziwa spana. Binti akatoka anakimbia.

"Nimeingia," akasema.

Mume wangu akakaa chini pale pale kando ya barabara, akalia. Nikamwambia ainuke, anachafua suruali yake ya likizo, huku machozi yangu mwenyewe yananiingia mdomoni.

Kesho yake niliamka nikahisi kuna kitu kimepungua nyumbani. Nikasikiliza. Bomba lilikuwa kimya. Jua limeshapanda, na Spana bado amelala, mdomo wazi, kitu ambacho sijakiona tangu anioe. Kitinda alikuwa anavaa viatu aende chuoni. Nikampa ishara aufunge mlango taratibu, asimwamshe baba yake.